Pazia linaonyesha ndani, chumba kina giza: tafuta chanzo kabla ya kununua jingine

Malalamiko ni mawili na mara nyingi hutoka nyumba moja. Mwenye chumba cha mbele anasema wapita njia wanamwona. Mwenye chumba cha nyuma anasema anawasha taa saa 4 asubuhi. Wote wawili huandikiwa dawa ileile, pazia zito zaidi, kabla mtu hajaangalia lile la kwanza lilikosea wapi. Baada ya wiki mbili wa mbele naye anawasha taa mchana.

Uzito wa kitambaa ni jambo la tatu au la nne. Yanayotangulia ni haya: jicho la mtazamaji liko wapi, ni saa ngapi, na upande upi wa dirisha una mwanga mwingi kwa saa hiyo. Vipimo vilivyomo humu ni vya dirisha la kawaida la aluminiamu la kuslaidi, lenye grili na wavu wa mbu, kwenye nyumba za pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja. Bara kwenye baridi suala la joto linapungua, lakini hesabu za jicho ni zilezile.

Anza na jaribio la watu wawili

Lifanyeni mara mbili: saa 6 mchana, na saa 2 usiku taa zikiwa zimewashwa kama kawaida yenu. Mmoja abaki ndani na asimame sehemu tatu kwa zamu: shubiri moja kutoka kwenye pazia, hatua mbili ndani, kisha ukutani upande wa pili. Mwingine awe nje, azunguke njiani, getini, kwenye ukuta wa jirani, na kama kuna ghorofa linalotazama kwenu, apige hodi aombe kupanda. Asiseme tu "naona" au "sioni". Aseme anaona nini: kivuli kinachosogea, umbo la mtu, au sura na rangi ya nguo. Kivuli sebuleni hakina neno. Kivuli bafuni ni habari nyingine.

Andikeni majibu kwenye karatasi, kisha mtafute dalili yenu hapa chini.

"Mchana sionekani, usiku naonekana"

Hii ndiyo inayoongoza, na pazia lenyewe halina ubovu. Shia, yaani lile pazia jepesi la ndani, huficha kwa sababu nyuzi zake zinapigwa na mwanga wa nje na kumrudishia mtazamaji weupe unaoshinda mwanga hafifu unaotoka chumbani. Siku ya mawingu nje kuna luksi (kipimo cha mwanga) kama 10,000, na jua kali linaweza kufikisha 100,000. Sebuleni, mita chache kutoka dirishani, ni mia chache tu. Tofauti hiyo ndiyo inayokuficha, kitambaa kinaisaidia tu. Giza likiingia na taa zikawashwa, mizani inapinduka: ndani kuna luksi 100 au 200, nje karibu hakuna kitu, na shia ileile sasa inamtumikia aliye nje.

Ndiyo maana vitu vyote vinavyotegemea tofauti hiyo hushindwa kwa pamoja usiku: shia, blaindi za kitambaa chenye vitundu, vioo vya bluu au vya rangi ya shaba vinavyong'aa kwa nje kama kioo cha kujitazamia, na stika zenye tabia hiyohiyo. Fundi aliyekuhakikishia kwamba kioo hicho hakionyeshi ndani alikuonyesha mchana.

Tiba ni tabaka la pili linalofungwa usiku tu. Funga fimbo mbili: shia iwe ya nyuma, karibu na kioo, na pazia zito liwe la mbele. Fimbo ya nyuma ikae sentimita 7 au 8 kutoka ukutani, ya mbele 14 au 15. Zikikaribiana zaidi ya hapo, kila unapovuta pazia zito linaikokota na shia, na baada ya miezi michache shia inachanika kwenye ringi.

Pazia hilo la usiku si lazima liwe la giza totoro. Kitambaa cha uzito wa kati chenye bitana nyeupe kinatosha vyumba vingi. Ukiwa dukani, fanya hivi: kunja kitambaa mara mbili, washa tochi ya simu nyuma yake, halafu weka mkono wako katikati ya tochi na kitambaa, sentimita 10 kutoka kwenye kitambaa. Ukiweza kuhesabu vidole vyako kivulini, hicho kinahitaji bitana. Ukiona doa tu lisilo na umbo, kichukue. Muuzaji atakutazama kidogo, mwache atazame.

Kabla ya kununua chochote, angalia pia taa zako zilipo. Taa ya dari iliyo katikati ya chumba huwa nyuma ya kila anayekaribia dirisha, na hapo ndipo kivuli chake kinapotupwa kwenye pazia kama sinema. Taa ya ukutani iliyofungwa upande wa dirisha lenyewe, kushoto au kulia kwake, hutupa vivuli kuelekea ndani. Kwa chumba cha kulala hilo peke yake huondoa nusu ya tatizo. Na ile taa ya ulinzi ya nje, ikifungwa juu ya dirisha na kumulika chini, inaangaza uso wa nje wa shia na kurudisha sehemu ya weupe wa mchana. Inafaa sebuleni, chumbani kwa kulala itakukosesha usingizi.

"Naonekana hata mchana"

Tazama kwanza nyuma yako. Chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana, au mlango wa uani unaoachwa wazi, kina mwanga wa nyuma. Mtu akipita katikati anakuwa umbo jeusi mbele ya weupe, na shia yoyote itamtoa. Weka pazia au blaindi kwenye dirisha la nyuma badala ya kuongeza kitambaa kwenye la mbele. Watu wengi hukataa kuamini hili mpaka wafunge mlango wa uani na kutoka nje kujionea.

Kama hakuna mwanga wa nyuma, tatizo ni shia iliyonyooshwa. Shia isiyo na mikunjo ni kama chandarua: jicho linapita kila tundu. Ikikunjwa, mtazamaji anakutana na nyuzi mbili tatu kwa mpigo, na mikunjo yenyewe inatia vivuli vinavyochanganya macho. Kipimo ni upana wa fimbo mara 2 kwa shia, mara 2.5 ikiwa kitambaa ni laini sana. Pazia zito linatosheka na mara 1.5 hadi 2.

Tuchukue dirisha la upana wa sentimita 150. Fimbo iwe na ziada ya sentimita 20 kila upande, jumla 190. Mara 2 ni 380. Ongeza pindo za pembeni, sentimita 3 mara nne kwa vipande viwili, inakuwa 392. Nunua mita 4. Hiyo ni kwa kitambaa cha upana wa sentimita 280, ambacho hugeuzwa: upana wa jora unakuwa urefu wa pazia. Fimbo ikiwa sentimita 225 kutoka sakafuni, pazia la sentimita 223 pamoja na sentimita 12 za kichwa na 15 za pindo la chini linakula 250 katika zile 280, na hakuna shono hata moja katikati. Ukichukua kitambaa cha upana wa 150 utahitaji vipande vitatu vya mita 2.5, yaani mita 7.5, na mashono yataonekana kama mistari jua likipiga. Bei ya mita ikiwa nusu, bado umelipa karibu sawa na shono juu yake. Angalizo moja tu: maua yenye kichwa na miguu hayageuziki, yatalala ubavu.

Rangi nayo ina kazi. Shia nyeupe au ya maziwa hurudisha mwanga mwingi, kwa hiyo mchana inaficha kuliko nyeusi au ya kijivu cha mkaa. Rangi nyeusi ina sifa moja: ukiwa ndani unaona nje vizuri zaidi. Anayetaka kuangalia bahari au bustani atachagua nyeusi na kuvumilia. Anayetazamana na uchochoro achague nyeupe.

"Chumba kina giza mpaka mchana tunawasha taa"

Hapa vyanzo huwa vitatu au vinne kwa pamoja, na kila kimoja kimekula kipande chake. Vifuate kwa mpangilio huu kwa sababu vya mwanzo havina gharama.

Anza na wavu wa mbu. Vumbi la barabara, masizi ya jiko na chumvi ya bahari huziba matundu polepole kiasi kwamba hakuna anayekumbuka lini giza lilianza. Kwenye dirisha la kuslaidi fremu ya wavu hunyanyuliwa juu kisha huvutwa chini kuelekea ndani. Itoe, ilaze uani, piga maji ya sabuni kwa brashi laini pande zote mbili. Ukimwaga maji yakatoka meusi, umeshapata jibu la kwanza, na utakuta hata upepo umerudi.

La pili ni pazia kulala juu ya kioo hata likiwa limefunguliwa. Pazia zito likikusanywa pembeni linachukua sentimita 15 hadi 18. Fimbo ikiwa na upana sawa na dirisha la sentimita 120, mkusanyiko huo kwa pande mbili unafunika sentimita 30 hadi 36: robo ya dirisha au zaidi, kila siku, mchana kutwa. Dawa ni fimbo ndefu, sentimita 20 hadi 30 kupita ukingo wa dirisha kila upande, ili pazia lililofunguliwa lilale ukutani. Kama kabati au kona ya ukuta inazuia upande mmoja, tumia kipande kimoja cha pazia kinachofunguka kuelekea upande wenye nafasi.

La tatu ni sehemu ya juu ya dirisha, nayo ndiyo inayodharauliwa zaidi. Mwanga unaofika ndani kabisa hupitia juu. Ule wa chini unaishia miguuni mwa dirisha. Wasanifu hukadiria kwamba mwanga wa kutosha kufanyia kazi unaingia umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya urefu kutoka sakafuni hadi kichwa cha dirisha. Kichwa kikiwa sentimita 210, ni mita 3 hadi 4. Sasa ning'iniza ile rinda ya mapambo ya sentimita 30 juu ya kioo: kichwa kimeshuka hadi 180, na umepoteza nusu mita ya chumba kwa ajili ya urembo. Rinda hiyo ipandishwe ikae ukutani juu ya dirisha, au itolewe. Blaindi ya kuviringisha nayo ifungwe sentimita 10 hadi 15 juu ya kioo ili roli lake lisikae mbele ya mwanga.

Halafu kuna kioo cha rangi. Kioo cha kijivu kizito pamoja na shia pamoja na wavu ni vichujio vitatu vinavyofuatana. Ikiwa kioo kinapitisha nusu ya mwanga na shia nusu ya uliobaki, umeshabaki na robo kabla ya wavu kudai haki yake. Kwenye dirisha kama hilo usitumie shia kwenye kioo chote. Tumia nusu pazia.

Nusu pazia, na hesabu yake

Nusu pazia ni fimbo nyembamba inayopita katikati ya dirisha, na kitambaa kinachofunika sehemu ya chini tu. Wengi huiona ya jikoni au ya mgahawa. Kwa chumba cha chini kilichobanana na njia hakuna kinachoishinda kwa bei na mwanga, mradi urefu wake upimwe, usikisiwe.

Chukua nyumba yenye msingi wa ngazi tatu za sentimita 15. Sakafu yako iko sentimita 45 juu ya ardhi ya nje. Jicho la mtu mzima liko kama sentimita 160 kutoka ardhini, maana yake liko 115 tu kutoka kwenye sakafu yako. Dirisha linaanzia 90 na kuishia 210. Weka kichwa cha nusu pazia kwenye 150. Mtu aliye mita 3 nje, macho yake yakipita juu ya fimbo, yanapanda sentimita 35 katika mita 3. Yakiendelea mita 3 nyingine ndani yanafika sentimita 185. Aliyekaa kwenye kochi haonekani kabisa. Aliyesimama ukutani mwenye kimo cha 170 haonekani. Aliyesimama mita 1 kutoka dirishani anaonekana nywele tu. Na juu kumebaki sentimita 60 za kioo kitupu, nusu nzima ya dirisha, ile nusu inayopeleka mwanga mbali.

Kosa linalovuruga hesabu hii ni kusahau mtazamaji wa mbali. Kadiri anavyosogea nyuma ndivyo macho yake yanavyolala. Yule wa mita 10, ng'ambo ya barabara, mstari wake unafika sentimita 160 tu ukutani kwako, kwa hiyo kichwa cha aliyesimama kitatokeza. Kwa umbali huo mara nyingi si neno; kama ni neno, pandisha fimbo sentimita 10. Nyumba isiyo na msingi wa juu, ambayo sakafu iko sawa na nje, inahitaji kichwa cha pazia kwenye 165 au 170, na hapo kioo kitupu kinachobaki ni sentimita 40 au 45 hivi. Bado ni bora kuliko kufunika lote.

Nusu pazia haimfichi mtu usiku kwa jirani aliye juu. Kwa huyo soma kinachofuata.

"Jirani wa ghorofa anatuona hadi sakafuni"

Jicho la juu hupita sehemu ya juu ya dirisha na kutua sakafuni, kwa hiyo kila dawa ya mtu wa chini humsaidia yeye. Hapa kinachofanya kazi ni vipande vya mlalo vinavyogeuzwa, yaani blaindi za mlalo. Siri iko kwenye mwelekeo, na watu wengi hugeuza kinyume. Mtazamaji akiwa juu yako, ukingo wa nje wa kila kipande ushuke na wa ndani upande. Macho yake yanagonga uso wa kipande. Mwanga unaoakisiwa na ardhi unapenya kwenda darini, na dari ikiwa nyeupe unashuka chumbani kote. Wewe ukiwa ghorofani na mtazamaji yuko barabarani karibu na jengo, fanya kinyume chake: ukingo wa nje upande. Mkiwa sawa kwa kimo, geuza kama digrii 45 upande wowote. Thibitisha kwa kutoka nje, si kwa kukisia ukiwa ndani.

Mafundi wa mbao wa pwani walilijua hili zamani. Kwenye Mji Mkongwe wa Unguja madirisha ya vibao yameinamishwa ukingo wa nje chini. Mvua inatiririka nje, upepo unaingia, aliye ndani anatazama barabarani, na aliye barabarani akiinua macho anaona kiza cha dari. Anayejenga au anayebadilisha madirisha, bawa la mbao la namna hiyo kwa nje linashinda blaindi yoyote ya dukani, ila linadai rangi au vanishi kila baada ya miaka michache, hasa karibu na bahari.

Kipande cha blaindi ya mlalo kiwe cha sentimita 5 kama nafasi ipo. Vile vya sentimita 2.5 vinabeba vumbi maradufu na vya aluminiamu nyembamba hupinda vikiguswa na kiwiko, na kila kilichopinda ni tundu la kudumu. Blaindi za wima zinafaa jirani wa pembeni. Kwa jirani wa juu hazina msaada.

"Jioni chumba ni tanuri, tukifunga pazia ni giza"

Hilo ni dirisha la magharibi, na la mashariki lina ugonjwa huohuo asubuhi hadi saa 4 hivi. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa 6 mchana jua liko juu sana mwaka mzima: kama digrii 60 upande wa kaskazini mwezi Juni, kama 73 upande wa kusini mwezi Desemba. Kwa dirisha la kaskazini, kibanda cha zege, yaani ile slabu inayotokeza nje juu ya dirisha, cha sentimita 70 na kilicho usawa wa kichwa cha dirisha kinatupa kivuli cha sentimita 120 mchana wa Juni, yaani dirisha zima. Saa 11 jioni hali ni tofauti: jua la magharibi liko chini ya digrii 25, linapita chini ya kibanda na kuingia moja kwa moja.

Pazia la ndani linalizuia likiwa limeshavuka kioo, na joto limeshakuwa lako. Linatakiwa kuzuiwa nje. Pazia la mianzi au mkeka mgumu uning'inizwe kwenye kibanda, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kioo ili hewa moto ipande na kutoka. Viringisha asubuhi, teremsha saa 9 alasiri. Mwanga unapenya kwenye mianya na mtu wa nje haoni kitu. Mpasheni uliopandishwa kwenye waya umbali wa sentimita 60 kutoka ukutani unafanya kazi hiyohiyo bila kamba, ukiupa miezi kadhaa. Kama nje hakuwezekani, basi ndani tumia pazia lenye bitana nyeupe inayotazama kioo. La rangi nyeusi linakuwa jiko.

Stika nyeusi za gari kwenye kioo cha nyumba tusizisifie. Zinatia giza siku nzima kwa tatizo la muda wa saa tatu tu, usiku hazifichi, na kioo ambacho tayari ni cha rangi kikiongezewa stika nyeusi hupata joto lisilo sawa kati ya katikati na ukingo uliofichwa kwenye fremu. Hapo ndipo ufa unaoanzia pembeni bila kupigwa na kitu unapotokea.

"Tukifunga hewa haiingii, tukifungua pazia linaruka"

Shia inayotokea nje kupitia grili hurudi na kutu na chumvi, kisha huchanika. Pindo la chini litiwe uzito: mnyororo mwembamba wa risasi unaouzwa kwa mita, au sarafu moja ishonewe kila kona na kila sentimita 40. Pazia liishe sentimita 1 hadi 2 juu ya sakafu, si kwenye kizingiti cha dirisha ambako upepo unalinyanyua. Kwa dirisha linalokaa wazi usiku kucha, nusu pazia yenye fimbo juu na nyingine chini hainyanyuki hata kidogo, na upepo unapita juu yake. Blaindi ya kuviringisha kwenye dirisha la upepo ni kelele: inagonga fremu usiku mzima.

Bafu na jiko

Kitambaa bafuni huota ukungu mweusi. Tumia kioo cha maua au stika ya ukungu (ile inayofanya kioo kionekane kama kimeshika mvuke), ambavyo huficha mchana na usiku kwa sababu vinavunja taswira badala ya kutegemea mwanga. Vina kasoro moja: aliye karibu na kioo, chini ya sentimita 30 hivi, na taa nyuma yake, hutoa kivuli chenye umbo. Bafu likiwa jembamba na bomba la mvua liko dirishani, hamisha taa iwe juu ya dirisha.

Stika hubandikwa kwenye kioo laini tu, upande wa ndani. Kata kubwa kuliko kioo kwa sentimita 2 kila upande. Kwangua kioo kwa wembe, futa, kisha nyunyizia maji yenye matone 5 au 6 ya sabuni ya vyombo kwa lita moja. Bandua karatasi ya nyuma huku ukinyunyizia na upande wa gundi, laza, itelezeshe ikae sawa, kamua maji kwa kadi ya plastiki iliyofungwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni. Mwisho kata ukingo ukiacha milimita 2 kutoka kwenye mpira wa fremu. Stika iliyobanwa kwenye mpira ndiyo inayoanza kubanduka. Viputo vya maji hukauka vyenyewe ndani ya wiki chache. Kiputo chenye chembe ya mchanga hakiondoki: kioo hakikufutwa.

Jikoni mafuta hushika kitambaa. Nusu pazia fupi ya polista inayofulika, mbali na moto, inatosha.

Kasoro za ufungaji zinazodhaniwa ni za pazia

Mwanga mwembamba pembeni mwa blaindi iliyofungwa ndani ya uwazi wa dirisha ni wa kawaida. Kitambaa huwa kifupi kuliko mabano kwa sentimita 1.5 hivi kila upande. Ukitaka ukome, ifunge nje ya uwazi ikipita sentimita 5 hadi 10 kila upande. Ukipima kwa ajili ya kufunga ndani, pima upana juu, katikati na chini, uchukue mdogo. Plasta zetu hazinyooki.

Fimbo inayopinda katikati ni ndefu kuliko sentimita 180 bila bano la kati. Fimbo inayong'oka imefungwa kwenye plasta tu. Toboa tundu la milimita 8, kina sentimita 6, tia fisha ya plastiki, skrubu ya milimita 5 kwa 50. Juu ya dirisha kuna lenta ya zege, kwa hiyo drili iwe ya kugonga. Ikigota ghafla imekutana na nondo, sogea sentimita 3 pembeni, usilazimishe. Tumia pima maji. Milimita chache tu za kuinama zinatosha blaindi kujiviringisha upande.

Ringi za kila kipande ziwe za idadi shufwa, 8 au 10. Zikiwa witiri, ukingo mmoja hutazama ukuta na mwingine chumba, na katikati pazia haliunganiki: mwanya huo ndio jirani anaoutumia. Ushone vipande vipishane sentimita 5 hadi 8.

Pamba ifuliwe kabla ya kukatwa. Inaweza kurudi asilimia 3 hadi 5, na kwa pazia la mita 2.4 hiyo ni sentimita 7 hadi 12 za miguu kuonekana. Karibu na bahari fimbo iwe ya aluminiamu au mbao. Chuma cha rangi huanza kutoa kutu kwenye mikwaruzo ya ringi, na doa la kutu kwenye shia nyeupe halitoki kirahisi.

Kwenye nyumba yenye watoto, kamba na minyororo ya blaindi ifungwe kwenye kishikizo kilicho sentimita 150 au zaidi kutoka sakafuni, na kitanda cha mtoto kisikae chini ya dirisha hilo. Kamba yenye kitanzi inaweza kumnyonga mtoto kwa dakika chache bila sauti. Ukiweza kuchagua, chukua blaindi isiyo na kamba.

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ana fimbo ya springi inayokazwa katikati ya kuta mbili za uwazi wa dirisha. Inabeba shia au nusu pazia kwa upana wa hadi sentimita 120 bila taabu. Zaidi ya hapo, au ukining'iniza pazia zito, inateleza usiku na kuanguka. Futa vumbi la chokaa ukutani kabla ya kuikaza, na uweke kipande cha mpira wa ndala kila upande.